Chagua ukuta kabla ya kabati: pa kuweka modeli zako nyumbani Dar

Swali la msomaji: Shikamoo mwalimu. Naishi Tabata, nyumba ya kupanga, vyumba viwili na sebule. Mpaka sasa nimemaliza modeli 31. Nyingi ni ndege za 1/72 (yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi), kuna vifaru 5 vya 1/35, na meli moja ya vita ya Kijerumani, Königsberg ya 1/350. Zote nimezipanga juu ya kabati la televisheni na kwenye rafu ya mbao ukutani. Masika haya nimeona baadhi ya stika zimegeuka manjano, bawa la ndege moja ya rezini (plastiki ya kumimina kwenye kalibu) limeinama, na mjusi amechafua sitaha ya meli. Mama watoto naye anasema sebule si ghala. Je, nimwambie fundi anitengenezee kabati la vioo, au nizifunge zote kwenye maboksi?

Marahaba, mwanangu. Pole kwa bawa, na pole zaidi kwa sitaha, maana najua ni usiku mingapi huingia kwenye meli ya 1/350.

Jibu langu ni yote mawili, kabati na maboksi. Lakini usimpe fundi hata shilingi kabla hujachagua ukuta. Maelekezo mengi ya kutunza modeli yameandikwa na watu wa nchi za baridi, na kwao adui wa kwanza ni vumbi. Hapa kwetu vumbi lipo, ila linakuja nyuma ya jua, unyevu na wadudu. Kabati zuri likikaa kwenye ukuta mbaya linageuka oveni yenye vioo, na modeli zinaharibika humo polepole huku ukiamini umezihifadhi.

Nianze na jua. Wenzetu wa Ulaya huambiana waweke modeli kwenye chumba chenye dirisha la kaskazini, kwa sababu kwao jua la mchana hukaa kusini mwaka mzima. Ushauri huo hautufai. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la saa sita mchana liko upande wa kaskazini, na Desemba linahamia kusini. Pande zote mbili linakuwa juu sana, hivyo upenu wa paa unalizuia kwa kiasi kikubwa. Jua linalopenya hadi katikati ya sebule ni lile la chini, la mashariki asubuhi na la magharibi alasiri, na hilo halina likizo. Siku moja ya mapumziko kaa nyumbani ulifuatilie. Saa mbili asubuhi weka alama ya penseli pale mwanga unapoishia, kisha rudia saa kumi na moja jioni. Ongeza hatua moja nzima kila upande wa alama hizo, kwa kuwa kati ya Juni na Desemba mwanga huo utasogea. Kioo cha dirisha usikitegemee sana: kinakata sehemu tu ya miali ya urujuanimno, na ile inayobaki inatosha kufifisha rangi nyekundu na kuzeesha plastiki. Pazia zito linasaidia kuliko kioo.

Ukishajua mwanga haufiki wapi, rudi usiku, kama saa moja hivi, uweke kiganja ukutani. Ukuta wa matofali ya saruji uliopigwa na jua la magharibi mchana kutwa huwa bado una joto saa hiyo, na utaendelea kulitoa hadi usiku sana. Huo usiutumie. Usitumie pia ukuta unaopakana na bafu au jiko, wala ule ambao rangi yake inabanduka chini na kuacha unga mweupe wa chumvi, kwa sababu unavuta maji kutoka ardhini. Katika nyumba nyingi za Dar ukuta mwema ni ule wa ndani unaotenganisha sebule na chumba cha kulala. Hata hapo acha nafasi ya sentimita 5 nyuma ya kabati ili hewa ipite.

Juu ya kabati la televisheni ondoa kila kitu leo hii. Televisheni na king'amuzi hutoa joto saa zote zinapowaka, na joto hupanda. Nina hakika kubwa kwamba ndiko bawa lako lilikoinamia. Polistirini ya kawaida, ile ya modeli nyingi za kiwandani, hulegea inapokaribia nyuzi 100 za selisiasi, kwa hiyo sebuleni haina shida. Rezini ni jambo jingine. Kipande chembamba cha rezini kikibeba uzito wake chenyewe mahali penye joto kwa miezi, kinashuka kidogo kidogo bila kuonekana. Sehemu zilizochapwa kwa mashine ya 3D, kwa plastiki iitwayo PLA, ni dhaifu zaidi, maana huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, na gari lililofungwa vioo juani mchana linafika huko. Kumbuka hilo siku utakapokuwa unahama na modeli zako. Na tafadhali usiziweke darini. Chini ya bati la Dar saa nane mchana si mahali pa kitu chochote unachokipenda.

Sasa kabati. Kwa nyumba ya kupanga mimi nachagua fremu ya alumini na vioo kuliko la mbao, na ninasema hivyo nikijua Keko kuna mafundi wa mbao ambao kazi yao inapendeza kuitazama. MDF, ile mbao ya kiwandani ya unga wa mbao uliogandishwa, ikinywa unyevu wa masika inavimba na haisinyai tena. Zaidi ya hapo, MDF, plaiwudi na hata mbao ngumu hutoa mvuke wenye asidi kidogo. Katika chumba kilicho wazi mvuke huo haudhuru, ila ndani ya kabati lililofungwa unajikusanya. Plastiki haiujali. Metali ya risasi inaujali sana, na modeli nyingi za zamani na baadhi ya vifaa vya nyongeza vina nanga, mizinga au magurudumu ya metali yenye risasi.

Somo hilo nililipata kwa hasara. Nilitengenezewa kabati, vioo vikagandishwa kwa silikoni, na kesho yake nikaingiza meli ambayo nilikuwa nimeijenga kwa miezi tisa. Kabati lilikuwa linanuka siki. Nikafikiri ni harufu ya upya tu. Masika yalipoisha nanga zote mbili zilikuwa zimeota unga mweupe, na nilipozigusa zikamomonyoka. Harufu ile ya siki ndiyo asidi yenyewe: silikoni ya aina hiyo huitoa inapokauka. Kwa hiyo mwombe fundi silikoni isiyonuka siki, na akishamaliza acha milango wazi wiki 3 au 4, mpaka pua yako isisikie chochote asubuhi baada ya kabati kufungwa usiku kucha.

Vipimo usimwachie fundi. Yeye amezoea makabati ya vyombo. Spitfire ya 1/72 ina bawa la sentimita 15.6 kutoka ncha hadi ncha, kifaru kikubwa cha 1/35 kama Tiger kina sentimita 24 ukihesabu mzinga, na Königsberg yako ina karibu sentimita 33. Kina cha sentimita 30 kwa rafu ya upana wa 80 kinakutosha kwa hizo zote. Ila ukija kupenda ndege za abiria mambo yanabadilika. Dash 8 Q400, ile tunayoiona ikitua hapa na rangi za Air Tanzania, kwa 1/72 inafika sentimita 39 kwa 46, na Boeing 787-8 kwa 1/144 ina bawa la karibu 42. Kata magazeti kwa ukubwa wa kila modeli, uyapange sakafuni ndani ya mstatili wa 80 kwa 30, ndipo uende kwa fundi ukiwa na karatasi yenye namba. Rafu ziwe za kioo cha milimita 5. Kipande cha 80 kwa 30 kina uzito wa kilo 3, na modeli zako haziongezi hata kilo moja, kwa hiyo usiruhusu mtu akuuzie kioo kizito zaidi bure. Vishikizo vya rafu viwe vya kusogezwa, kwa sababu vifaru vinataka sentimita 12 tu kwenda juu, na meli yenye milingoti inataka 20 na zaidi. Omba ruhusa ya mwenye nyumba utoboe tundu mbili za skrubu kulifunga kabati ukutani. Kama una watoto, hilo si la hiari.

Wanaoishi karibu na bahari, Kigamboni, Msasani au Kunduchi, waongeze jambo moja: skrubu na bawaba ziwe za chuma kisichoshika kutu. Upepo wa chumvi hauoni huruma.

Kuhusu hewa ndani ya kabati, watu wengi hujaribu kuziba kila upenyo ili vumbi lisiingie. Kwa kabati kubwa mjini Dar sishauri. Huwezi kuliziba kiasi cha kuzuia unyevu, na ukizuia hewa tu unafungia ndani joto la taa na mvuke wa rangi. Mwambie fundi atoboe matundu mawili nyuma, moja chini na moja juu, kila moja upana wa kidole gumba, uyafunike kwa wavu mwembamba na sponji. Vumbi litanaswa, hewa itapita. Kama siku moja utafunga kiyoyozi, kisielekee kwenye kabati. Modeli iliyopoa sana ikikutana na hewa ya nje ya masika inatoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na maji hayo huingia chini ya stika.

Taa ziwe za LED, kwa sababu joto lake ni dogo na urujuanimno wake ni kidogo mno. Kibadilishio cha umeme, kile kiboksi kinachopata moto, kikae nje ya kabati. Na zizime usipotazama. Hili nalo lina sababu yake: mwanga wa usiku huita wadudu, na wadudu humwita mjusi kafiri.

Mjusi huyo anapita kwenye upenyo usiozidi unene wa kidole kidogo. Milango ya vioo ya kusukuma ina upenyo wa namna hiyo katikati, pale vioo viwili vinapopishana. Mafundi wa alumini wanao mkanda wa manyoya wanaouweka kwenye madirisha ya kusukuma. Mwombe auweke hapo na chini ya kila mlango. Mkanda huo mmoja unazuia mjusi, mende na nusu ya vumbi, na wateja wachache sana huukumbuka. Mende usimdharau. Anatafuna karatasi, gundi na nyuzi za pamba za milingoti.

Lakini usipulize dawa ya wadudu karibu na modeli. Dawa nyingi za kopo zina mafuta yanayotia ukungu kwenye vioo vya chumba cha rubani na kulainisha rangi. Na katika yote niliyoandika hapa, ukisahau mengine shika hili: usiweke naftalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini, mahali palipo na modeli za plastiki. Mvuke wa naftalini unalainisha polistirini. Nimewahi kuletewa sanduku la ndege ambalo mama mwenye nyumba aliweka vidonge vinne kwa nia njema kabisa, ili mende wasiingie. Mabawa yalikuwa yamenata kama peremende iliyolambwa. Hapakuwa na la kuokoa. Ubani, udi na dawa ya mbu ya kuchoma vinaacha utando wenye kunata ambao hukamata vumbi vizuri, kwa hiyo chetezo kikiwa sebuleni, milango ya kabati ifungwe.

Sasa nizungumze na mama watoto, maana yuko sahihi. Modeli 31 zikisongamana haziheshimiki, zinaonekana kama mzigo unaosubiri kuchukuliwa. Onyesha 10, labda 12. Rafu iliyo usawa wa macho ya mgeni aliyeketi iwe na vitu vitatu tu vyenye nafasi kati yao. Nyuma weka karatasi nzito ya kijivu hafifu au rangi ya anga ya asubuhi, kwa sababu kioo cha kujitazamia huchanganya macho na huongeza wingi usioutaka.

Katikati ya rafu hiyo iweke Königsberg. Kila mgeni wa Dar atauliza juu yake, na una cha kumjibu, kwa kuwa ni meli ya historia yetu. Mnamo 20 Septemba 1914 iliizamisha meli ya Uingereza Pegasus mbele ya Unguja, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji hadi 11 Julai 1915, ilipopigwa na mabaharia wake wakaizamisha wenyewe. Mizinga yake 10 ya milimita 105 iliokolewa na kutumika nchi kavu. Andika hayo kwa mistari minne kwenye kadi ndogo ya Kiswahili uiweke mbele. Ningefurahi zaidi ukiitengenezea kitako chenye maji ya kahawia na mikoko pande zote, badala ya bahari ya bluu. Modeli yenye kadi na kitako chake haiitwi takataka na mtu yeyote ndani ya nyumba. Kila baada ya miezi mitatu badilisha zilizo kabatini na zile zilizo kwenye maboksi, na umwachie mama watoto achague mbili.

Tumebaki na maboksi ya hizo 20. Boksi la karatasi ngumu kwetu ni chakula cha mchwa na maskani ya mende, tena hunywa unyevu na kuutoa ndani. Nunua masanduku ya plastiki angavu yenye mfuniko wa kubana, ya lita 40 hivi, utayapata Kariakoo. Kanuni ya kufunga ni kwamba kitu chochote laini kisiguse rangi. Ile nailoni yenye malengelenge ya hewa huacha duara juu ya rangi ikikaa miezi katika joto, na nailoni ya kawaida hunata. Kwa modeli zisizo na risasi, kwa sababu ya ule mvuke wa mbao, mimi hukata kipande cha plaiwudi kinachoenea chini ya sanduku, nakifunika kwa kitambaa cha marekani kilichofuliwa mara mbili bila dawa ya kutoa madoa wala manukato, kisha nafunga kila modeli kwenye ubao kwa utepe wa pamba unaopita juu ya ekseli za magurudumu au chini ya tumbo la ndege. Sanduku likiyumba, modeli haitembei. Magurudumu ya mpira laini wa vinaili yawekee kipande cha foili chini, kwa sababu mpira huo una mafuta yanayokula plastiki unayoigusisha nao kwa muda mrefu.

Weka gramu 100 za silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu, katika kila sanduku, aina inayobadilika rangi ili ujue imeshiba lini. Hesabu yake inatia moyo. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 ina gramu 24 hivi za maji katika kila mita moja ya ujazo, kwa hiyo lita 40 zina gramu moja tu. Unyevu mwingi zaidi umo ndani ya mbao na kitambaa ulichoweka, ndiyo maana siku ya kufunga ina uzito wake. Usifunge Aprili mvua ikinyesha. Funga kati ya Juni na Septemba, mchana mkavu, baada ya kuanika ubao na kitambaa juani, na usifungue ovyo. Silika ikishiba itoe kwenye mfuko wake, uikaushe kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa kadhaa, irudi kazini. Nje ya sanduku bandika picha ya kilichomo, ili kila ukitafuta ndege moja usifungue masanduku matano.

Masanduku yasikae sakafuni. Tabata haiko mbali na bonde la Msimbazi, na sisi tulioona mafuriko ya Desemba 2011 tunajua maji hayabishi hodi. Juu ya kabati la nguo chumbani panafaa, mradi ukuta umepita mtihani wa kiganja.

Kuhusu majeraha uliyonayo tayari: stika zilizogeuka manjano juu ya modeli mara nyingi ni vanishi ya mafuta iliyopakwa juu yake, nayo hairudi nyuma. Kubali, au uzitoe upake upya na umalizie kwa vanishi ya maji. Shiti za stika ambazo hujazitumia ndizo zinazoweza kuokolewa. Zitie kwenye mfuko angavu uliofungwa, uzibandike kwenye kioo cha dirisha la mashariki wiki mbili tatu, na jua lile lile linaloharibu litafifisha manjano. Bawa la rezini lipashe kwa mashine ya kukaushia nywele kwenye moto mdogo, kwa mbali, huku umelishikilia chini kwa kidole. Likianza kutii linyanyue kidogo kupita unyoofu, ulishike hadi lipoe. Kisha lipe kijiti cha akriliki angavu chini ya ncha, kikae hapo daima.

Sitaha ya meli usiikwaruze. Weupe ule kwenye kinyesi cha mjusi ni asidi ya yuriki iliyokauka, ngumu kama chokaa, na ukiung'oa mkavu unaondoka na rangi. Lowesha kijiti cha masikio kwa maji vuguvugu, kiache juu ya doa dakika 2, nyanyua, badilisha kijiti, rudia. Hufika mara 6 au 7 kabla doa halijaachia. Fanya hivyo wiki hii, kabla ya kumtafuta fundi, kwa sababu kadiri linavyokaa ndivyo linavyozama.